Msiwafukuze Mashahidi: Barua ya Wazi Kutoka Kayole

Kwa:
Mwenyekiti na Makamishna, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC)
Inspekta Jenerali wa Polisi
Waheshimiwa Wabunge na Maseneta

MINT: WATU WANAOSIMAMA MLANGONI

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mkazi wa Kayole, hapa Nairobi, kwa zaidi ya miaka ishirini. Sina chama cha siasa na sitafuti kiti. Ninawaandikia kwa sababu tangu maandamano ya Juni 2024 ya kupinga kodi nimesikia watu wenye vyeo wakiwaita vijana wetu wachochezi, wahuni, hata wahaini, nami nawajua vijana hao. Nimewafundisha baadhi yao kushika kalamu. Nina jambo la kuwaambieni juu yao, na ningependa mlisikie kabla ya tarehe 10 Agosti 2027, siku ya uchaguzi mkuu.

Nianze na usiku mmoja.

Tarehe 9 Agosti 2022 nilikuwa msimamizi wa kituo cha kura katika shule moja huku Embakasi. Tulifungua saa kumi na mbili asubuhi, tukafunga saa kumi na moja jioni, tukawangoja waliokuwa bado kwenye foleni, kisha tukaanza kuhesabu. Aliyewahi kuifanya kazi hii anajua kwamba kuhesabu ndiko kunakomaliza mtu. Masanduku ni sita, la rais kwanza. Kila karatasi unaikunjua, unaisoma kwa sauti, unaiinua mawakala waione, ndipo unaiweka kwenye fungu lake. Wakala mmoja akikataa, unarudia. Makarani wangu walikuwa vijana watupu, wengi wao wamemaliza chuo na hawajaonja mshahara. Katikati ya hesabu stima ikapotea. Tukawasha taa za betri, tukaendelea, na hapana aliyeuliza tutakwenda nyumbani saa ngapi.

Tulipomaliza hesabu ya rais nilijaza Fomu 34A kwa mkono, mawakala wakatia sahihi, nikaipiga picha kwa KIEMS, mashine ya Tume ya kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, nikaituma. Kila wakala akachukua nakala yake. Nakala moja nikaibandika mlangoni mwa darasa kama sheria inavyotaka, nikarudi ndani kwenye masanduku matano yaliyobaki. Ilikuwa yapata saa saba za usiku.

Nilipotoka tena kupunga hewa nilimkuta bawabu wa shule amesimama mbele ya mlango ule na tochi. Alikuwa akinakili tarakimu katika daftari lake la zamu, moja moja, midomo ikitembea. Aliposikia hatua zangu akageuka.

"Mwalimu, hizi ndizo zitakazofika Bomas, kwenye hesabu ya taifa?"

"Ndizo hizo, mzee."

"Na zikibadilika njiani?"

"Si wewe unazo hapo mkononi?"

Alilifunga daftari akalitia mfuko wa ndani wa koti, pale watu wanapoweka kitambulisho. Nyuma yake walisimama wasichana wawili na mvulana mmoja wa mtaani, simu mkononi, wakingoja zamu yao ya kuipiga picha karatasi hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa amewatuma. Niliwauliza. Mmoja wa wasichana alinijibu, "Tunaweka tu, mwalimu. Isije ikapotea."

Siku chache baadaye bawabu alinijia na daftari lake. Tume ilikuwa imefungua tovuti na fomu za vituo 46,229 zilikuwa zikiwekwa hadharani kadiri zilivyoingia. Tukakitafuta kituo chetu, nikampa simu. Alilinganisha mstari kwa mstari, kidole kikitetemeka kidogo juu ya kioo. Zilikuwa zile zile. Akanishukuru, akarudi langoni.

Ndugu Makamishna, tarehe 15 Agosti mwaka ule, wenzenu wanne walipojitenga na matokeo mbele ya nchi nzima, mimi nilikuwa nyumbani na moyo wangu ulikuwa umesimama. Nakumbuka 2007, na damu iliyomwagika baada ya kura. Wengi wetu tunaikumbuka. Lakini nilichokiona kwenye ploti yetu jioni ile ni vijana wamekaa kwenye ngazi wakifungua fomu na kujumlisha. Walibishana sana, na wengine hawakuridhika hata baada ya Mahakama ya Juu kutoa uamuzi wake tarehe 5 Septemba. Sidai kwamba uchaguzi ule haukuwa na doa. Nasema kwamba mtu aliyekuwa na shaka alikuwa na mahali pa kuipeleka shaka yake, napo palikuwa ni karatasi ambayo jirani yake aliiona ikibandikwa.

Usione vyaelea, vimeundwa. Karatasi ile ya mlangoni ina wazazi, na nataka kuwataja, kwa maana naona kuna watu wanaodhani ilidondoka tu kutoka ofisi fulani.

Mwaka 1988 nilikuwa msichana wa sekondari. Baba yangu alikwenda kupiga kura ya mchujo wa KANU, chama pekee cha wakati ule, kwa mlolongo, ule mtindo wa kupanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake. Foleni ya mtu wa baba ilipita shamba la chai, ikapinda kona. Ile nyingine ungeweza kuihesabu kwa macho bila kuinuka. Mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi. Baba alirudi nyumbani akaketi nje mpaka giza likaingia. Alichomwambia mama sijakisahau: tulikuwa mamia, sote tumeona, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuthibitisha. Foleni ikishatawanyika, imekwisha. Hakuna karatasi ya kuhesabu upya, wala fomu, wala mlango.

Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Julai 1990, watu walielekea Kamukunji kudai vyama vingi huku viongozi wa mwito huo, Kenneth Matiba na Charles Rubia, wakiwa tayari wamewekwa kizuizini. Nyinyi mnaijua Saba Saba na mnajua damu iliyomwagika. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichokuwa kimeifanya Kenya nchi ya chama kimoja tangu 1982, kikafutwa. Hayo yamo vitabuni.

Yasiyosimuliwa vya kutosha ni ya akina mama wa wafungwa wa kisiasa. Mwisho wa Februari 1992 waliketi kwenye kona ya bustani ya Uhuru, pale panapoitwa Freedom Corner, wakagoma kula mpaka wana wao waachiliwe. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alikuwa nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na vitoa machozi. Baadhi ya wazee wale wakavua nguo mbele ya askari, na kila Mwafrika aliyekuwapo alijua maana ya mama kukuvulia nguo. Wangari alipigwa hadi akapoteza fahamu. Kesho yake wengi wangerudi makwao, na nani angewalaumu? Wao walihamia kanisa la All Saints, wakakaa chini ya kanisa lile karibu mwaka mzima.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikiishi na shangazi yangu Ngara. Alinichukua mara mbili tupeleke maziwa na mkate. Nilitarajia kuwakuta wanalia. Nilimkuta mama mmoja, mkongwe wa kutosha kuwa nyanya yangu, akimtajia kila mgeni jina la mwanawe na gereza alilofungwa. Mara ya pili tulipokwenda alitutajia tena, ingawa alitukumbuka. Shangazi akamwambia kwa upole, "Ulishatuambia, mama." Akajibu kwamba anajua, lakini siku atakayoacha kusema wao wataanza kusema hayupo. Mwaka 1993 wengi wa wana wale waliachiliwa.

Ndiyo maana nawaita mashahidi, na sitafuti neno jingine. Ukikesha chini ya kanisa ukitaja jina la mwanao, au ukasimama na tochi ukinakili tarakimu, unafanya kazi moja: unakataa jambo lililotokea ligeuzwe kuwa halikutokea. Ninyi mliokabidhiwa ofisi mnawahitaji watu hao kuliko wao wanavyowahitaji ninyi. Mshindi wa haki asiye na shahidi hana tofauti, machoni pa aliyeshindwa, na mwizi.

Wengine walikuwa ndani ya ofisi zenyewe. Juni 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi aliyoipeleka mtetezi wa haki za binadamu Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa chini, kwenye maeneo bunge, hayawezi kubadilishwa na makao makuu. Kwa uamuzi ule, jibu nililompa bawabu lilikuwa na sheria nyuma yake. Mwishoni mwa Julai mwaka ule ule Chris Msando, aliyesimamia mitambo ya Tume, aliuawa siku chache kabla ya kura. Alikuwa ametumwa na kazi yake kuhakikisha tarakimu zinafika jinsi zilivyotoka. Tarehe 1 Septemba Jaji Mkuu David Maraga na wenzake wengi katika Mahakama ya Juu wakafuta uchaguzi wa rais, jambo lisilokuwa limewahi kufanywa na mahakama yoyote Afrika. Nilikuwa chumba cha walimu na redio ndogo. Kulikuwa na walioshangilia na walionuna, lakini mwalimu mwenzetu aliyekuwa upande ulionuna alisema kitu ambacho sikukitarajia: kumbe mahakama nayo inasoma fomu.

Sasa nije kwa vijana.

Mwanzoni mwa Juni 2024 nilipita kwa mama mboga wangu karibu na steji ya Masimba kununua sukuma. Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda akimsomea kutoka kwenye simu. Nilidhani ni Biblia. Ulikuwa Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya. Anasoma kifungu kwa Kiingereza, anakigeuza kwa Kiswahili, pale Kiswahili kinapokwama anatia Kikamba. Wateja wanne walikuwa wamesimama wakisikiliza, mboga zao zimeshafungwa.

"Kwa hivyo hata mkate?" bibi aliuliza.

"Hata mkate, shosho. Asilimia 16."

"Na huyu tuliyemchagua atasemaje?"

"Ndiyo tutamuuliza."

Mtandaoni vijana walikuwa wakifanya hivyo hivyo kwa lugha nyingi za nchi hii, kila mmoja akieleza mswada kwa lugha ya mama yake. Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijapata kuona somo la uraia likienda mbali namna ile. Waheshimiwa Wabunge, ile kodi ya mkate iliondolewa kabla hata hamjapiga kura ya mwisho. Tarehe 25 Juni mkapiga: 195 wakaunga mkono, 106 wakapinga. Yaliyofuata nje ya ukuta wenu siku ile, waandamanaji na risasi, tunayajua sote, na siku iliyofuata Rais alikataa kuutia sahihi mswada wote. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu baadaye ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa katika maandamano ya msimu ule. Siwezi kuandika tarakimu hiyo haraka nikaendelea. Ni zaidi ya darasa langu zima.

Na hapa namgeukia Inspekta Jenerali.

Kijana mmoja niliyemfundisha darasa la nne alichukuliwa wiki ile na watu wasiovaa sare, wakamtia kwenye gari lisilo na nambari. Sitataja jina lake wala kituo chochote. Mama yake ameomba hivyo na nimemwahidi. Tulizunguka vituo vya polisi siku tatu, mimi, mama yake na wakili aliyejitolea bila kudai hata nauli. Kila kaunta tuliambiwa jina hilo halimo kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi. Katika kituo kimoja afisa kijana alitufuata mpaka nje, akasimama kana kwamba anatafuta hewa, akamwambia mama kwa sauti ya chini, "Endeleeni kuuliza. Msinyamaze." Basi akarudi ndani. Siku ya tano kijana aliachwa usiku kando ya barabara kuu, hai. Hajashtakiwa kwa lolote mpaka leo.

Ninampenda afisa yule bila kumjua. Alikuwa na mengi ya kupoteza kuliko sisi. Nikisikia watu mtaani wakisema polisi wote ni wamoja, namkumbuka na ninakataa. Bwana Inspekta Jenerali, wewe unao watu kama huyo, na kila siku unayoruhusu mtu achukuliwe bila sare, bila jina na bila OB, unawaambia watu hao kwamba wamepotea njia na wale wa gari lisilo na nambari ndio wenye kikosi. Ibara ya 49 ya Katiba imetoa saa 24 za kumfikisha aliyekamatwa mahakamani. Ibara ya 37 imempa mwananchi haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamishi kwa amani bila silaha. Waporaji walikuwapo, nami sitawatetea, kwa kuwa duka la jirani yangu lilivunjwa. Mkamateni mwizi, mwandikeni, mpelekeni kortini. Aliyebeba bendera na chupa ya maji si mwizi.

Ninachoomba kwenu si kingi na hakihitaji sheria mpya.

Tume, naomba fomu iendelee kubandikwa mlangoni na asifukuzwe mtu anayeipiga picha, awe wakala, awe bawabu, awe mtoto aliyetumwa maziwa. Nilipokuwa nikipewa mafunzo, nilisikia mkufunzi mmoja akisema kwamba watu wasirundikane mlangoni kwa sababu za usalama. Narudisha neno hilo kwenu kwa heshima: usalama wa kituo ni watu hao waliorundikana. Tovuti ya fomu nayo ifunguliwe mapema, na isizimwe kabla mahakama haijamaliza kazi yake. Wafundisheni makarani si namna ya kujaza fomu tu, bali ilikotoka. Nilifundishwa mahali pa kuweka lakiri. Hakuna aliyeniambia habari za mlolongo, wala za Msando. Niliyajua kwa sababu nimezaliwa kabla.

Wabunge, Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Katiba hiyo hiyo, Ibara ya 118, inawadai mwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Basi tuleteeni miswada kwa Kiswahili, hasa Mswada wa Fedha, na mapema, wala si siku chache kabla ya vikao vya maoni. Kanuni zenu za Kudumu mlizitafsiri, kwa hivyo wafasiri mnao. Msichana kwenye kreti ya soda aliifanya kazi yenu bure, bila kamusi, huku bibi yake akikatakata sukuma. Nilimsikia akikwama kwenye maneno ambayo hata mimi yangenikwamisha, na hakuruka hata moja. Alisimama, akauliza simu, akarudi. Mtoto wa namna hiyo mngemwajiri. Badala yake nimesikia mheshimiwa mmoja akiuliza ni nani anayewalipa.

Hakuna anayewalipa. Nimekaa nao. Wakati mwingine hawana nauli ya matatu ya kutoka Kayole hadi mjini na hutembea.

Watu huniuliza shuleni, hasa walimu wadogo, ninapata wapi moyo wa kuendelea kufundisha somo la uraia wakati watoto wanaona habari za usiku. Huwa sijibu kwa maneno mengi. Nawaambia kuhusu mama wa All Saints aliyetaja jina kila siku, nawaambia kuhusu afisa aliyetufuata nje. Sijapata kuona nchi hii ikiokolewa na mtu mmoja mkubwa. Nimeiona ikishikiliwa, tena na tena, na mtu aliyekuwa na sababu nzuri ya kwenda kulala na hakwenda.

Mtu huyo anachoka, waheshimiwa. Hilo ndilo linaloniogopesha. Wasichana wale wawili wa mlangoni, mmoja ameshaniambia kwamba hatajiandikisha upya alikohamia kwa kuwa haoni faida, na mimi sijapata jibu la kumtosha. Ninyi mnalo. Mtampa siku ambayo aliyechukuliwa atakuwa kwenye OB, na mswada utakuja kwa lugha anayoiota, na karatasi ya mlangoni itakuwa ile ile itakayosomwa kwenye hesabu ya taifa.

Bawabu yule bado analinda shule. Juzi aliniuliza kama mwaka 2027 fomu itabandikwa mlango ule ule, maana daftari la zamani limejaa na anataka kununua jipya. Nilimwambia nitawauliza wenyewe.

Nawauliza.

Wenu mwaminifu,
Mwalimu, Kayole, Nairobi